Kukataliwa na Kichanganuzi Si Ushahidi wa Kosa

Juma lililopita, kijana ninayefanya naye kazi hapa Lubumbashi alikesha akiandika upya faili la mipangilio la mteja, kwa sababu kichanganuzi, yaani programu inayosoma faili na kukagua kama limefuata kanuni za uandishi, kililikataa. Asubuhi nilipomuuliza lile la kwanza lilikuwa na kasoro gani, alinijibu: "Yaya, mashine ililikataa, kwa hiyo ni baya." Jibu hilo nimelisikia kwa mafundi wengi mno, na limetupotezea saa nyingi za kazi.

Niliomba anionyeshe faili lile. Lilikuwa na mistari mitatu tu: bano la mawimbi ({), kisha tabu moja (nafasi inayowekwa na kitufe cha Tab) ikifuatwa na "lango": 8080, kisha bano la kufunga. Kichanganuzi kilichotumika kilikuwa maktaba (msimbo uliotayarishwa tayari) ya YAML, muundo wa kuandika mafaili ya mipangilio, nayo ilidai kwamba mstari wa pili una herufi isiyoweza kuanzisha alama yoyote, yaani kipande chochote chenye maana; herufi hiyo ni ile tabu.

Kila anayefundisha YAML husema kwamba tabu ni marufuku, na wengi huishia hapo. Marufuku hiyo inahusu tabu inayotumiwa kupanga ngazi, pale ambapo nafasi za mwanzo wa mstari ndizo zinazoonyesha kipi kimo ndani ya kipi. Katika faili lile ngazi zinaonyeshwa na mabano yenyewe, kwa hiyo tabu iliyomo ndani yake ni utengano mtupu, nao unaruhusiwa. Tena toleo la 1.2 la YAML, lililotolewa mwaka 2009, liliandikwa kwa lengo la wazi la kuifanya JSON yote, muundo mwingine wa kuandika data, iwe YAML halali, na JSON huruhusu tabu kati ya alama zake. Faili la kijana wangu lilikuwa JSON safi, na kwa hiyo YAML safi. Maktaba ndiyo iliyokosea, kwa kuwa huikataa tabu popote inapotarajia alama mpya, bila kujali kama imo ndani ya mabano.

Kwenye TOML, muundo mwingine wa mafaili ya mipangilio, tatizo huwa ni umri wa maktaba. Orodha kama [1, "mbili"], yenye aina mbili za thamani, ilikatazwa katika toleo la 0.5.0 la mwaka 2018, ikaruhusiwa katika toleo la 1.0.0 la Januari 2021. Maktaba iliyobaki nyuma itaendelea kuiita kosa, na ujumbe wake hautakwambia kwamba inafuata kanuni iliyokwisha kubadilishwa.

Hata hivyo, kanuni zenyewe hazimalizi kila ubishi. Zile baiti tatu zisizoonekana, EF BB BF, ambazo Notepad ya Windows ilizoea kuziweka mwanzoni mwa faili la UTF-8 (njia ya kuhifadhi herufi kama baiti), zimesumbua mafaili mengi ya JSON niliyoletewa. RFC 8259 ya mwaka 2017, waraka wa kanuni za JSON, inamkataza anayetuma JSON kwenye mtandao kuziongeza, lakini anayesoma inampa ruhusa tu ya kuzipuuza, bila kumlazimisha. Vichanganuzi viwili vinaweza kutoa majibu yanayopingana juu ya faili moja, na vyote viwili vikawa vimetii. Ufunguo unaojirudia, yaani jina lilelile la thamani kutokea mara mbili, una utata huohuo: waraka unashauri majina yawe ya pekee, kisha unakiri kwamba tabia ya programu yakijirudia haitabiriki. Katika hali kama hizo siwezi kusema nani ana haki, na sidhani kama kuna mwenye haki.

Kijana aliniuliza kama angepaswa kuziacha tabu zake. Nilimwambia aweke nafasi, kwa sababu mteja alikuwa anasubiri, na bado sina hakika kama nilimfundisha vyema, maana kila tunapobadilisha faili sahihi maktaba mbovu hubaki vilevile. Kwa hiyo, kabla umeme haujakatika, tulilijaribu faili la awali kwa kichanganuzi cha pili, kikalisoma bila tatizo. Kisha tukawatumia watunzaji wa ile maktaba mistari yote mitatu, pamoja na namba ya toleo na kifungu cha kanuni kinachoiruhusu ile tabu.