Sahani za kale Lamu: chumvi kwanza, bei baadaye

Ukishika sahani ya kale, igeuze kabla hujatazama maua yake. Dondosha tone la maji kwenye ule mduara wa chini usiong'aa. Likinyweka, sahani ni ya udongo. Likikaa juu kama shanga, ni kauri. Kwetu pwani tofauti hii naiweka mbele ya umri na nchi ilikotoka, kwa sababu udongo hunywa chumvi na kauri hainywi.

Sahani nyingi za ukutani ni za udongo kutoka Maastricht, Uholanzi: tafuta nembo ya kiwanda cha Petrus Regout, mara nyingi yenye sanamu ya sfinksi (simba mwenye kichwa cha mtu), au ya kiwanda cha Société Céramique. Maua yaligongwa kwa sponji iliyokatwa, ndiyo maana majani mawili hayalingani kabisa. Maneno Made in Holland kwa kawaida huonyesha ilitoka kiwandani baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa zitaje nchi zilikotengenezwa. Vidoti vitatu vikavu mgongoni si kasoro. Hapo ndipo ilipoegemea vigingi tanurini.

Sasa chumvi. Huingia kwa mduara ule mkavu na kwa nyufa nyembamba kama nywele, ikitoka hewani, ukutani au kwenye maji ya kisima. Sahani ikikauka, chembe za chumvi hukua chini ya utando wa kioo unaoing'arisha sahani na kuubandua vipande vipande. Ukiona unga mweupe unaorudi kila ukifuta, ndiyo hiyo. Iloweke kwenye beseni la plastiki kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, au ya mvua (si ya mvua ya kwanza, ambayo huosha chumvi ya paa). Badilisha maji kila siku, ukipima kwa kipimo cha TDS (kinachoonyesha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) kabla ya kutia sahani na baada ya saa 24. Namba ikiacha kupanda, toa. Huenda ikachukua wiki mbili. Ikaushe kivulini, imesimama kwa ukingo, wiki mbili nyingine. Lakini iliyoanza kubanduka, au iliyogundishwa kwa gundi ya zamani, usiiloweke: itaachana mikononi mwako.

Jiki nawasihi msiitie kabisa. Doa la chai litafifia, ila mabaki ya jiki hubaki ndani ya udongo na kuwa chumvi nyingine.

Waya wa chuma wa kutundikia hushika kutu, na kutu ikiingia ufa haitoki. Ikiwa mduara wa chini una tundu mbili, pitisha mshipi wa kuvulia, kisha bandika vipande vitatu vya kizibo cha koki mgongoni ili sahani isiguse ukuta wa matumbawe. Epuka kuta za chini zenye unyevu. Usipakulie achari wala mchuzi wa ukwaju: rangi na utando wa zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ukali wa vyakula hivyo huitoa.

Na bakuli lenye chokaa iliyoganda mgongoni liache, hata kwa bei ya kutupa. Huenda limeng'olewa kaburini, kwani makaburi yetu ya nguzo, kama lile la Mambrui, yalipambwa kwa bakuli za Kichina. Kwa sheria ya Kenya ya 2006, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakisafirishwi nje bila kibali.