Mchepuko wa damu ya ubongo humfaa nani?

Mgonjwa akishaambiwa kwamba ateri inayopeleka damu kwenye ubongo wake imesinyaa, swali linalomtoka mapema ni kama hatuwezi kumpasua na kuichepusha damu ipite kwingine. Tunaweza. Huchukuliwa ateri ndogo inayopita chini ya ngozi mbele ya sikio, ile ambayo mapigo yake huhisiwa kwa kidole, na baada ya kufungua tundu kwenye fuvu tunaishona kwenye tawi la ateri lililo juu ya ubongo. Mishipa yote miwili ina upana wa takriban milimita 1, hivyo kazi hufanyika chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Daktari wa upasuaji wa ubongo Gazi Yaşargil aliufanya upasuaji huu mjini Zurich mwaka 1967, na kwa miaka mingi ulienea kwa matumaini makubwa. Mwaka 1985 yakatolewa matokeo ya utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 1,377, na mimi huyaeleza kwa kila anayetaka kupasuliwa: kwa asilimia 96 ya waliopasuliwa mishipa iliyoungwa ilibaki wazi, lakini viharusi havikupungua kuliko kwa waliotumia dawa tu. Ubongo wa wengi huwa tayari unapata damu kutoka upande wa pili, kupitia duara la ateri lililo chini yake, na viharusi vingi huletwa na madonge ya damu yanayochomoka penye mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wa ateri, jambo ambalo mchepuko hauligusi.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulichagua wale tu ambao vipimo vilionyesha ubongo una uhaba wa damu. Hata hivyo, asilimia 14.4 ya waliopasuliwa walipata kiharusi ndani ya siku 30, na baada ya miaka miwili waliopasuliwa na waliotumia dawa tu walikuwa karibu sawa.

Kwa hiyo, kwa usinyaaji wa kawaida, mimi huanza na aspirini, dawa za kolesteroli, kudhibiti shinikizo la damu na kuacha sigara. Ugonjwa wa moyamoya ni tofauti kabisa: hapo ateri huziba polepole kwenye kitako cha ubongo, mara nyingi kwa watoto, wala hakuna dawa inayozizibua, na mchepuko ndio tiba ninayoitetea bila kusita. Ninapomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, humwonyesha mahali mapigo ya mshipa mpya yanapohisiwa, na kumsihi asivae miwani wala kilemba kinachopabana.