Kadi ya kliniki ya mke haina majibu ya mume

Kwa sisi tunaotoa huduma za VVU ngazi ya jamii, hakuna kauli inayochosha kama hii: "Mke wangu alipimwa kliniki yuko salama, kwa hiyo na mimi niko salama." Huisema kwa utulivu kabisa mtu aliyeomba kuiona kadi ya ujauzito ya mkewe, akasoma palipoandikwa majibu, akaikunja na kuona kazi imekwisha. Wanawake nao wana ya kwao: mume alipimwa kazini akaonekana hana kitu, basi wao wachomwe kidole cha nini?

Kipimo cha haraka husoma kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, zilizomo katika tone la damu la mtu mmoja. Mstari wa pili, unaoashiria VVU, utokee au usitokee, hiyo ni habari ya kidole kilichochomwa, wala si ya nyumba nzima. Wako wenza wanaoishi pamoja kwa miaka, mmoja ana VVU na mwingine hana, na jambo hilo halihitaji maelezo ya "damu kali" ambayo kila mtaa unayo. Uwezekano wa kuambukizwa katika tendo moja la ndoa, kwa wastani, haufiki 1 kati ya 100. Wastani huo usimfariji mtu, kwa kuwa matendo hurudiwa, na hatari hupanda sana mwenza anapokuwa na maambukizi mapya, wakati virusi vimejaa katika damu, au mmoja wao anapokuwa na vidonda sehemu za siri. Mwanamke anaweza kupata majibu hasi leo ilhali mumewe ana VVU, kisha akaambukizwa wiki ijayo.

Dhana hii huumiza zaidi wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Mama aliyeonekana hana VVU katika hudhurio la kwanza, kisha akaambukizwa mimba ikiwa na miezi saba, hatumii dawa yoyote na virusi vyake viko juu, na katika hali hiyo atajifungua na kunyonyesha huku kila mtu, mwenyewe akiwemo, akiiamini kadi iliyoandikwa miezi mingi nyuma. Ndiyo maana, hasa mahali ambapo maambukizi yameenea, tunamtaka apimwe tena katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na tena akiwa ananyonyesha. Anayeuliza "kwani sikupimwa tayari?" akumbuke pia kwamba kingamwili huchukua wiki kadhaa kuonekana, na majibu hasi huaminika pale tu inapopita miezi 3 tangu mara ya mwisho kuwa hatarini.

Pacha wa dhana hii ni lawama. Mwanamke akikutwa na VVU kliniki, huambiwa yeye ndiye aliyeleta, kana kwamba aliyepimwa kwanza ndiye aliyeambukizwa kwanza. Kipimo hakionyeshi tarehe wala chanzo. Mwanamke hutangulia kujua kwa sababu ujauzito humpeleka panapopimwa, na mwanamume hana cha kumpeleka. Ushauri wangu, ambao wenzangu wamechoka kuusikia, ni kwamba wenza wapimwe siku moja, chumba kimoja, kila mmoja kwa damu yake. Lakini anayehofia kipigo asitwikwe mzigo wa kupeleka habari nyumbani: akiridhia, mhudumu anaweza kumfikia mwenza bila kumtaja yeye. Na kituo kinachomtaka mjamzito aje na mume ndipo ahudumiwe kinamwadhibu asiye na mume, jambo ambalo watetezi wa haki za wanawake wana kila sababu ya kulipigia kelele.

Ziko na dhana nyingine. Anayetumia dawa akipimwa husema: "Virusi havionekani, basi nimepona." Hapana. Virusi hujificha ndani ya seli, na dawa zikiachwa hurudi, mara nyingi ndani ya wiki chache tu. Wakati huohuo wapo wanaokataa kuamini kwamba aliyefubaza virusi, yaani ambaye dawa zimevishusha hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, ingawa utafiti wa PARTNER, uliofuatilia wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, na uliochapisha matokeo yake mwaka 2016 na 2019, haukupata hata ambukizo moja la namna hiyo.

"Mwenye VVU asizae wala asinyonyeshe." Pasipo huduma, uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni kati ya asilimia 15 na 45, kwa huduma kamili hushuka chini ya asilimia 5. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unamruhusu mama anayetumia dawa barabara kunyonyesha hadi miezi 24 au zaidi.

"PrEP ni ya wanaouza miili." PrEP, yaani dawa anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, ni ya yeyote aliye hatarini, akiwemo mke asiyejua hali ya mumewe. Katika jaribio la sindano ya lenacapavir, inayochomwa kila miezi 6, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, hakuna msichana wala mwanamke aliyepewa sindano hiyo aliyeambukizwa kufikia matokeo ya mwaka 2024, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kwa anayetumia vidonge, mwanamke huhitaji kumeza kila siku kwa takriban siku 7 kabla kinga haijakamilika, na kondomu bado inahitajika, kwa kuwa PrEP haizuii kaswende wala mimba.