Mafuta ya Tumboni Kuhamishiwa Usoni: Majibu kwa Wanaotuuliza Kliniki Mbeya

Hii tiba inafanywaje?
Daktari bingwa wa upasuaji rekebishi anafyonza mafuta kidogo tumboni au mapajani kwa mrija mwembamba, anayatenga na damu na maji, kisha anayachoma usoni kwa sindano, kidogo kidogo: mashavuni, chini ya macho, kwenye mikunjo inayoshuka toka puani hadi mdomoni. Siyo jambo la jana. Mwaka 1893 daktari Mjerumani, Gustav Neuber, alijaza kovu la usoni kwa mafuta ya mkono wa mgonjwa wake.

Yanadumu?
Yanayopata damu yanabaki, mengine mwili unayanyonya. Matokeo halisi yanaonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Anayekuahidi kwamba yatabaki yote, muulize alisomea wapi. Na ukinenepa, hata yale ya usoni yananenepa.

Si mafuta yangu mwenyewe? Yatanidhuruje?
Hili swali ndilo linalonichosha. Ni kweli mwili hauyakatai. Lakini mishipa ya damu ya usoni, hasa katikati ya nyusi na kuzunguka pua, imeungana na ile inayolisha jicho. Mafuta yakiingia kwenye mshipa na kusukumwa kwa nguvu, yanarudi nyuma mpaka kwenye jicho, pengine mpaka kwenye ubongo. Mtu anapofuka, au anapata kiharusi. Baadhi ya vijazio vya dukani, yaani vitu vya kujaza uso vinavyouzwa tayari, vina dawa ya kuviyeyusha, mafuta hayana. Narudia, mama: mafuta yako mwenyewe yanaweza kukupofusha.

Dalili zipi ni za kukimbilia hospitali?
Maumivu makali ya ghafla, ngozi kupauka au kuwa na michirizi ya zambarau kama wavu, jicho kuona giza, kope kushuka, mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito. Hata ukiona moja tu, nenda.

Nisubiri kidogo nione kama itatulia?
Usisubiri. Jicho lililokosa damu linahesabiwa dakika.

Aliyenichoma kasema nikande na maji ya moto, nilale.
Hapana! Kukanda hakuzibui mshipa. Watu wanakanda, wanapaka mafuta ya nazi, wanampigia shangazi, wanaombewa, halafu siku ya tatu wanakuja na kipande cheusi puani. Ngozi ikishakufa hatuirudishi. Ombeni, sikatazi, ila ombeni mkiwa njiani kuja.

Na uvimbe wa kawaida?
Kuvimba na michubuko vipo, na huanza kupungua baada ya siku chache. Uvimbe unaoanza upya baada ya wiki kadhaa, mwekundu au wenye usaha, mara nyingi ni maambukizi. Usiukamue. Usinunue vidonge vya rangi mbili (antibiotiki) duka la dawa. Wapo vimelea wa ukoo wa kifua kikuu ambao vidonge hivyo haviwagusi, na unatuharibia vipimo.

Kuna dada saluni anachoma kwa bei nafuu.
Alikufyonza mafuta lini? Kama hakukufyonza, anachokuchoma si mafuta yako, na huenda hata yeye hakijui. Kufyonza mafuta kunahitaji chumba cha upasuaji na vifaa vilivyotakaswa; kiti cha kusukia nywele hakitoshi. Uliza jina kamili la daktari, lihakiki Baraza la Madaktari Tanganyika.

Natumia mkorogo. Naweza kufanyiwa?
Acha mkorogo kwanza, umweleze daktari ukweli. Steroidi zilizomo zinafanya ngozi kuwa nyembamba na kuchelewesha kidonda kupona. Kujaza mafuta hakutakurudishia rangi uliyoichubua. Wengi ninaowaona wanahitaji kofia na mafuta ya kukinga jua: baridi yetu ya Juni na Julai inawadanganya, kumbe huku juu milimani jua linachoma hata ukiwa umevaa sweta.

Mashavu yangu yalibonyea kwa dawa za ARV za zamani.
Stavudini ilifanya hivyo kwa wengi, na haitumiki tena. Kujaza mafuta kunaweza kusaidia, kama bado unayo ya kutosha kwingine mwilini. Zungumza na kliniki yako ya CTC, unakochukulia ARV, na dawa za sasa usiache hata siku moja.

Nikipata shida nikiwa mbali, tuseme Chunya au Makete?
Nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo, usingoje basi la asubuhi. Sema ulichomwa nini, wapi usoni, saa ngapi. Kama kuna chupa au boksi, beba. Hakuna atakayekucheka, na akitokea wa kucheka, mwambie aite daktari.