Kumwaga vifaranga mtoni sio lazima kuokoe samaki

Watu wengi wanaona ni simpo tu, samaki wamepungua mtoni basi zalisha vifaranga, mwaga laki moja, yaishe. Ingekuwa ni kuhesabu vichwa tu sawa, ila shida iko kwenye jeni, yaani vinasaba ambavyo mtoto anarithi kwa wazazi. Vifaranga laki moja waliotoka kwa majike watano na madume watano ni ndugu watupu, yaani ukija ugonjwa ambao hawana kinga nao unaweza kuwafagia wote kwa mpigo, na wakianza kuzaana wao kwa wao ndo unaona watoto dhaifu.

Halafu bwawani wanakolelewa vifaranga maisha ni mteremko, chakula kinaletwa, hakuna wa kukuwinda, sasa anayestawi huko sio lazima auweze mto. Kule mto Hood, Oregon, Marekani, watafiti walipima DNA za samaki aina ya steelhead, jamii ya trauti, wakajua nani mtoto wa nani, na matokeo ya 2007 yakaonyesha uwezo wa kuzaa mtoni unashuka kama asilimia 40 kwa kila kizazi kinacholelewa kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga. Arobaini! Kizazi kimoja tu!

Na hapa hakuna anayechezea jeni za samaki, wengine wakisikia jenetiki tu wanawaza hivyo. Wataalamu wanakata kipande kidogo cha pezi, samaki anarudi majini anaendelea na safari zake, kipande kinaenda maabara kupimwa DNA. Ndo wanajua nani azalishwe na nani, wasikutanishe kaka na dada, na wa mto huu wasichanganywe ovyo na wa mto ule.