Bunduki ya marisau haijipigii shabaha

Barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kahawa mkononi, nimesikia ikisemwa kwamba kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani ni mchezo rahisi: marisau, zile chembe ndogo za risasi, yanatawanyika, basi lazima moja lipate. Tena ni wa vijana, kwani mzee macho yameshachoka.

Hapana, jamani. Kisahani, ambacho siku hizi ni lami na chokaa wala si udongo, kina upana wa sentimita 11 tu, nacho kinaruka kasi. Ukikilenga kilipo, umeshakikosa. Ni kama kumpasia mwenzio anayekimbia pale Mnazi Mmoja: mpira unautanguliza mbele yake. Katika skiti, aina moja ya mchezo huu, tena, bunduki hukaa usawa wa kiuno mpaka kisahani kitokee. Hesabu hiyo mwili huijua kwa miaka ya mazoezi, na ndiyo maana mabingwa hudumu.

Kim Rhode wa Marekani alipata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996 akiwa na miaka 17, akaendelea kupata medali kila Olimpiki hadi 2016, sita mfululizo. Huko London 2012 alivunja visahani 99 kati ya 100! Naye Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alitwaa shaba Tokyo akiwa na miaka 57.