Hesabu miguu kwanza, dawa baadaye

Kazi yangu ni wadudu, na hapa ofisini kwetu Nairobi mtu akiingia ameshika kiberiti ama kachupa ka dawa ya kikohozi najua tu ndani kuna kitu amekishika usiku kwa nyumba. Swali ni lile lile, hii ni nini na nipulize nini? Mimi kabla sijajibu namwambia hebu tuhesabu miguu pamoja, juu pesa nyingi sana zinamwagika hapa mjini kwa dawa ya kuua kitu ambacho hata hakipo kwa hiyo nyumba.

Shida inaanzia kwa jina. Sisi tukisema mdudu tunaweka wote kapu moja, mende, buibui, tandu, kupe, wengine hadi konokono na mnyoo wa shamba. Sasa ukitoa konokono na mnyoo, hao wengine kweli ni jamaa moja, wanaitwa arithropodi, jina la Kigiriki linalomaanisha miguu yenye viungo. Ndio kundi kubwa kuliko yote ya wanyama, spishi zaidi ya milioni 1 zimeshapewa majina na bado kila mwaka zinaongezeka. Utawajua kwa vitu vitatu: mwili una pingili, miguu ina vifundo vya kukunjika, na mifupa iko nje, yaani wanavaa gamba gumu la kitu kinaitwa kitini mahali sisi tuna ngozi.

Hilo gamba nataka tukae nalo kidogo manake linaeleza mambo mengi. Gamba halitanuki. Mtoto wa mende akikua linambana, kwa hivyo inabidi alipasue mgongoni atoke nje polepole, kichwa kwanza, halafu anavuta miguu na vipapasio kutoka ndani kama mtu anavua soksi zilizolowa. Akitoka ni mweupe pepepe, macho tu ndio meusi, na mwili ni laini hivi kwamba ukimgusa na kidole anabonyea. Kuna dada alinileteaga mmoja kwa kopo la mafuta ya kupikia, ameogopa sana, akasema ploti yao imeingiliwa na mende wa aina mpya ambao dawa haiwawezi. Nikamwambia tukae tungoje. Ilipofika mchana yule mende alikuwa amekuwa kahawia, amekauka, ni yule yule wa jikoni wa siku zote. Kwa hivyo ukiona mende mweupe hakuna spishi mpya, ni mende amejivua gamba na anangoja kukauka. Hata mwarobaini tunaousifu, moja ya kazi zake kwa wadudu ni kuharibu hii hatua ya kujivua, mdudu anakwama ndani ya gamba lake la zamani na anafia humo.

Haya, tuhesabu. Miguu 6, mwili sehemu 3 na vipapasio 2 kichwani, huyo ni mdudu kamili: mende, mbu, nzi, nyuki, panzi, kunguni, chawa, kiroboto. Hapa ndio pia yuko nairobi flai, na jina hilo limetudanganya miaka mingi, juu yeye si nzi hata kidogo. Nzi ana mabawa 2. Huyu ana 4, mawili ya juu yamekuwa magumu na mafupi yamefunika kifua peke yake, huku tumbo la rangi ya machungwa na ncha nyeusi likibaki wazi, na huo ndio umbo wa mbawakawa. Watu wanasema amenikojolea, wengine ameniuma. Hakojoi, haumi. Sumu inaitwa pederini, iko kwa damu yake, na inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wa jike. Inakupata wewe ukimponda. Unalala, taa ya nje inawaka, mvua imenyesha wiki nzima, anatua shingoni, unampiga kofi ukiwa usingizini, na kesho ama kesho kutwa unaamka na mstari mwekundu unaochoma kama moto. Mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 ilileta wengi sana hapa. Kwa hivyo mpulize na mdomo, ama mwachie apande kwa karatasi umtupe nje, halafu osha pale alipopita na maji na sabuni, na tafadhali usiguse macho kabla hujaosha mikono.

Kingine kwa hii miguu 6, mchwa na siafu si ndugu wa karibu. Mchwa ni jamaa ya mende, siafu ni jamaa ya nyuki na nyigu. Wale wenye mabawa wanaozunguka balbu baada ya mvua, chukua mmoja uangalie: kumbikumbi ana mabawa 4 yanayolingana, vipapasio vimenyooka na kiuno hakuna. Siafu wa mabawa ana kiuno chembamba, vipapasio vimepinda kama kiwiko na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Ukikuta kumbikumbi wanatoka kwa ukuta wako wa ndani usilale, angalia mbao za paa.

Miguu 8 bila vipapasio, hao ni buibui, nge, kupe na utitiri, na hapa ndio watu wanapoteza pesa kabisa. Mkulima mmoja wa nyanya wa upande wa Kiambu alikuja majani yake yamekuwa manjano, yana utando mwembamba chini, amepuliza dawa ya wadudu mara tatu na kila akipuliza inazidi. Tukaweka karatasi nyeupe chini ya jani tukaligonga na kidole, vidoti vyekundu vikaanguka vikaanza kutembea, na kwa lenzi kila kidoti kina miguu 8. Huo ni utitiri. Dawa nyingi za wadudu haziumizi utitiri vile unafikiria ila zinamaliza wale wanaoula, kwa hivyo yeye mwenyewe alikuwa anausaidia kuzaana. Alihitaji dawa ya utitiri, si ya wadudu. Angalizo moja, kupe na utitiri wakitoka tu kwa yai wana miguu 6, ya nane inatimia wakishajivua gamba, kwa hivyo ukikosa uhakika tafuta vipapasio, hao hawana kabisa.

Na buibui jameni tuwaachilie. Huku kwetu Ziwa Victoria kuna kabuibui karukaji kanachopenda kuwinda mbu aliyeshiba damu kuliko mawindo mengine.

Tandu na jongoo ni rahisi: tandu jozi moja ya miguu kwa kila pingili, mbio, anauma na ana sumu. Jongoo jozi mbili kwa pingili nyingi, pole pole, anakula majani yaliyooza, muache.

Halafu kuna kaa na kamba wa baharini, wenye jozi mbili za vipapasio, pamoja na vile vidude vya kijivu vinavyojikunja kama mpira chini ya mtungi wa maua. Wataalamu siku hizi wanakubaliana wadudu wametokea ndani ya ukoo huu, yaani panzi na kamba wa Mombasa ni damu moja. Kwa hivyo kama kamba wanakufanya uvimbe midomo, kuwa makini sana na kumbikumbi, panzi na unga wa nyenje, manake protini inayokusumbua iko kwa wote.

Majirani wa arithropodi wote wako wawili wa karibu. Mmoja ni mnyoo laini wa msituni mwenye vijiguu bila vifundo, anayerushia mawindo yake ute unaonata, yuko Gabon na Afrika Kusini. Mwingine anaitwa dubu wa maji, ana miguu 8, hafiki hata milimita 1 mara nyingi, anaishi kwa ukijani unaoota kwa kuta zenye unyevu, akikaukiwa anajikunja anangoja maji, na 2007 walipelekwa angani nje ya chombo na baadhi wakarudi hai. Zamani ilifikiriwa mnyoo wa shamba ndio jamaa yao juu ana pingili, lakini 1997 uchunguzi wa DNA ukaonyesha ni minyoo ya mviringo, pamoja na hiyo ya tumbo tunayowapea watoto dawa. Sababu? Nayo pia inajivua.

Ukipata kitu usichokijua usikiponde, miguu ikikatika sina cha kuhesabu. Kiweke kwa kachupa kenye spiriti ya duka la dawa, andika na penseli kwa kikaratasi ulikipata wapi na tarehe gani, tia hicho kikaratasi ndani pamoja nacho, ulete.